Mkweche Juu ya Mawe

Gari likiisha kupandishwa juu ya mawe, watu huacha kuliita gari. Magurudumu huondolewa kwanza, kwa kuwa tairi hupata mnunuzi upesi, betri hufuata, kisha taa, vioo vya pembeni, na kila kitu kifunguliwacho kwa spana moja. Mwaka wa pili kuku hutaga chini ya kiti cha dereva. Mwaka wa tatu magugu hupenya sakafu, na watoto waliokuwa wakifukuzwa wasichezee usukani hawafukuzwi tena. Hapo jina la mkweche, ambalo kwanza lilikuwa la mzaha, huwa jina la haki. Walakini hakuna siku moja iwezayo kuonyeshwa kwa kidole kwamba ndiyo siku gari hilo lilipokufa. Mwenyewe hakukusudia kuliua. Alikusudia kulitengeneza kesho, na kesho hiyo ilikuwa na kesho yake.

Mtu mwenye fedha nyingi akinunua mkweche wa namna hii, swali lake ni moja tu, nalo ni lini utakuwa tayari. Hulipa, mafundi wakafanya kazi, naye akaja kuuchukua. Mtu mwenye fedha kidogo yu katika hali nyingine. Hawezi kutengeneza kila kitu. Kwa hiyo hana budi kuchagua kipi kitangulie, kipi kifuate, na kipi kibaki kibovu. Uchaguzi huu huonekana kuwa jambo la gereji, nao kweli ni wa gereji. Lakini ndani yake mna swali ambalo wenye hekima wamelijadili tangu kale: je, ufukara hupunguza wajibu wa mtu kwa wenziwe? Asiyeweza kulipa madeni yote, alipe lipi kwanza, na nani aliye na haki ya kudai?

Ili mjadala usielee hewani, lifaa litazamwe gari moja lijulikanalo katika Afrika Mashariki kuliko mengi mengine ya jinsi yake, yaani Landrova ya zamani. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aliyelibuni, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani humo alitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Uingereza ya siku hizo ilikuwa na upungufu wa chuma. Kwa sababu hiyo bodi ya Landrova haikufanywa kwa bati la chuma bali kwa mchanganyiko wa alumini, na rangi yake ya kwanza ya kijani ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kijeshi. Dhiki, basi, ndiyo iliyolipa gari hili umbo lake. Lilifanywa kwa vile vilivyopatikana. Toleo la pili lilianza mwaka 1958, na la tatu likaanza 1971 na kukoma 1985. Jamaa yake wa mwisho mwenye umbo lile la mraba alitoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016. Watawala wa kikoloni, wamisionari, polisi, mabwana shamba, waganga wa wilaya na askari wa mbuga za wanyama wote walilipanda. Kisha likauzwa mnadani, likaingia mikononi mwa wafanyabiashara wa mazao. Na baada yao, juu ya mawe.

Katika kufanywa kwake mna jambo moja ambalo msomaji yafaa alishike. Alumini haioti kutu ile nyekundu. Mlango wa Landrova uliokaa katika mvua miaka 20 waweza kupanguswa kwa kitambaa na kuonekana mlango mzima. Lakini chini ya bodi hiyo mna chesisi, nayo ni ya chuma: mabamba yaliyounganishwa kwa kulehemu yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia katika uwazi huo yasitoke upesi, na kutu huanzia ndani ikila kuelekea nje. Boriti ya nyuma huoza mapema, na vivyo hivyo mikono ya chesisi inayoshika bodi ubavuni. Hivyo gari hili, bila ya kusudi la mtu, lina tabia ya kusema uongo: ngozi yake husalimika wakati mifupa imeliwa. Kinyume chake hutokea mahali pamoja tu, pale alumini na chuma vinapogusana penye unyevu wa chumvi. Hapo alumini ndiyo iliwayo, ikageuka unga mweupe. Watu wa pwani waujua unga huo.

Sasa na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Usambara, si mbali na Lushoto. Ana shamba dogo la viazi na kabichi, na kila msimu madalali humnunulia kwa bei waitakayo, kwa kuwa wao wana gari naye hana. Asikia kwamba Tanga kuna Landrova ya toleo la tatu, iliyokaa juu ya mawe miaka mingi nyuma ya ghala karibu na bahari, na kwamba yauzwa kwa bei isiyofika ya pikipiki mpya. Anunua. Fedha iliyobaki baada ya kununua na kulipia lori la kuipandisha mlimani haitoshi nusu ya kazi. Hii ndiyo hali ya wengi wanunuao mikweche, na ndiyo sababu mikweche mingi huhama tu kutoka mawe ya mtu huyu kwenda mawe ya mtu yule.

Kishawishi cha kwanza cha mwalimu huyu ni rangi. Si haki kumcheka. Majirani walisimama njiani siku gari liliposhushwa, na mmoja wao hakukosa kuuliza kama alinunua gari au banda la kuku. Mke wake aliitazama fedha ya karo ikigeuka kuwa rundo la mabati. Kwa madebe mawili ya rangi na siku tatu za msasa, kicheko chote kingekoma. Rangi, tena, humtia moyo mwenye kazi. Mtu huweza kuamka alfajiri kulitengeneza gari linalong'aa, na asiamke kulitengeneza lile linalofanana na jalala. Faida hii ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa na watu ambao hawajapata kuchekwa.

Kishawishi cha pili ni injini, nacho kina nguvu zaidi kwa sababu chafanana na akili. Gari ni injini, watu husema. Liwake kwanza, mengine yatakuja. Injini ya petroli ya Landrova hii ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, nayo ni nyepesi kueleweka. Pistoni zikiwa zimegandamana na silinda kwa kukaa, fundi huondoa plagi, humimina dizeli au mafuta mepesi katika matundu yake, huacha siku kadhaa, kisha huizungusha injini polepole kwa mkono, akirudi nyuma kidogo na kwenda mbele kidogo mpaka ilegee. Kabureta hufunguliwa na kuoshwa. Tangi husafishwa uchafu wa petroli iliyochacha. Kazi hii yote yataka saburi kuliko fedha. Na siku injini inapokohoa, ikatoa moshi, kisha ikashika mlio, hakuna mtu katika ua ule asiyepiga makofi. Hata jirani aliyetaja banda la kuku hupiga.

Lakini papo hapo, katikati ya makofi, hali imegeuka, na wapigao makofi hawakuona. Mkweche ulio juu ya mawe haumdhuru mtu, labda mtoto akwaruzwe na bati. Chuma cha zaidi ya tani moja na nusu kilichokaa kimya hakina hatari kuliko mwamba. Atiaye uhai katika chuma hicho ndiye akitiaye pia uwezo wa kuua. Kabla ya hapo, ubovu wa breki ulikuwa habari tu, sawa na ubovu wa kiti. Baada ya hapo ni jambo limhusulo kila apitaye katika barabara ya Lushoto hadi Mombo. Barabara hiyo hushuka mita 1,000 hivi kwa kona baada ya kona, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili, na wanafunzi hutembea pembeni mwake asubuhi na jioni.

Hapa ndipo mpango wa kazi unapokuwa mpango wa maadili. Uwezo wa kusimama wastahili kutangulia uwezo wa kwenda. Na sababu yake haiko katika ufundi. Iko katika swali la nani abebaye hatari. Kiti kikichanika, aumiaye ni dereva mwenyewe, naye amekubali. Injini ikila mafuta mengi, mfuko wake ndio ulipao. Mlango usipofunga vizuri, mvua itamlowesha yeye. Katika haya yote fukara ana ruhusa kamili ya kujipunguzia, na hakuna awezaye kumlaumu. Lakini breki zikishindwa, usukani ukiachia, au chesisi ikikatika penye kishikio cha springi, mwenye kuumia huenda akawa mtu ambaye hakulipanda gari, hakupata faida ya viazi, wala hakuulizwa. Mpita njia hakuwamo katika mapatano ya bei. Kwa hiyo urahisi wa bei hauwezi kulipwa kwa mwili wake.

Breki za Landrova hii ni za dramu, nazo huharibika kwa namna isiyoonekana. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Gari likikaa miaka, maji yaliyonyweka humo hula silinda ndogo za magurudumuni kwa ndani, na mipira yake huvimba au kukauka. Mabomba ya chuma yapitayo juu ya chesisi huliwa kutoka nje, hasa penye vishikizo vyake, ambapo matope hukaa. Mtu akikanyaga pedali uani huikuta ngumu, akaridhika. Lakini katika mteremko mrefu dramu hupata moto. Maji yaliyomo katika mafuta huchemka na kuwa mvuke. Na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Pedali huenda hadi sakafuni bila ya kuzuia kitu. Ubovu huo haujitangazi uani. Hungoja Mombo.

Basi mwalimu atakayelitazama jambo kwa haki ataweka fungu la kwanza la fedha yake katika masta silinda, silinda za magurudumu, mabomba mapya, lainingi, na mafuta safi ya breki. La pili katika chesisi. Na rangi ataiacha mpaka apate fungu jingine, ambalo pengine hatalipata. Atapanda mabasi hadi Gerezani, Dar es Salaam, akatafute spea zilizotumika. Na huko atajifunza kupambanua baina ya kitu kiwezacho kununuliwa kikiwa kimekwisha tumika, kama mlango au difu, na kitu kisichofaa kununuliwa hivyo hata kwa bei ya bure, kama mpira wa breki. Atagundua pia kwamba fukara hana fedha lakini hakosi mali. Ana jioni zake. Kukwangua kutu kwa brashi ya waya kwataka mikono. Kufungua springi, kutenganisha majani yake yaliyoshikana kwa kutu, kuyasafisha, kuyapaka grisi na kuyafunga tena ni kazi ya siku nne ambayo gereji ya mjini ingeitoza fedha nyingi, na ambayo mwalimu na kijana wake waweza kuifanya wakati wa likizo kwa spana, jeki na vipande vya magogo. Wala haifai kusahauliwa kwamba mtu aliyefungua gari lake kwa mikono yake mwenyewe hulijua kwa namna ambayo aliyelipa hawezi kulijua.

Kuna upinzani mmoja ambao hauna budi kusikilizwa, kwa sababu husemwa na watu wema. Wao husema hivi. Maneno haya ya breki kwanza ni maneno ya watu wa mjini. Katika vijiji vya milimani mama aliyeshindwa kujifungua huchukuliwa kwa machela, vijana wakipokezana, kwa njia ya utelezi, usiku. Kama katika kijiji hicho mna Landrova inayowaka, hata ikiwa breki zake ni dhaifu, je, mwenye gari asimame uani akihesabu silinda za magurudumu ilhali mama avuja damu? Gari bovu linalofika si bora kuliko gari zuri litakalokuwa tayari mwakani?

Jibu la haraka kwamba sheria ni sheria halitoshi, nalo ni la aibu. Usiku ule mwalimu apaswa kwenda. Atauvuta nyuma mkono wenye kichwa chekundu, atie gia ndogo ya kwanza, aiache injini ilishike gari katika mteremko, na kijana atangulie mbele kwa tochi. Watafika kwa mwendo wa mtu atembeaye, lakini watafika. Dharura ina haki zake, na mwenye kuzikana haki hizo hajapata kuwa karibu na machela. Lakini upinzani huu, ukichunguzwa, wathibitisha kidogo kuliko unavyodai. Wathibitisha kwamba usiku mmoja waweza kuruhusu kilichokatazwa, ikiwa wote waliomo wajua hatari na mwendo umepunguzwa kwa kadiri yake. Hauthibitishi kwamba Jumatatu asubuhi gari hilo lipakie magunia ya viazi na abiria tisa, dereva akiwa amefunga redio masikioni. Hatari ya dharura hujulikana na wote; hatari ya mazoea hujulikana na mmoja tu, naye kwa muda huacha kuikumbuka. Aghalabu atoaye hoja ya mama mgonjwa huwa na viazi vya kupeleka Mombo.

Na iongezwe kwamba fukara adaiwapo usalama sawa na tajiri, haonewi. Angeonewa kama angedaiwa uzuri sawa, au raha sawa, au mwendo sawa. Kijana wa shule apitaye penye kona hakupewa mwili mgumu zaidi kwa sababu gari linalokuja ni la mtu maskini. Hapo maskini na tajiri wamewekwa sawa kwa sababu ya yule wa tatu.

Ziko nyakati katika kazi hii ambapo fikira hutoka kwenye haki za watu na kwenda kwenye gari lenyewe. Mwalimu amebadili mabomba, silinda, kipande cha boriti ya nyuma, mlango wa kushoto, difu. Gia zikitoka, zitaingia nyingine. Je, hili lililoko uani ni lile alilolinunua Tanga? Plutarch ameeleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus miaka mingi, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ndiyo ile ile, na hawa wakisema siyo. Hobbes, katika mwaka 1655, alilizidisha fumbo: tuseme mtu alizikusanya mbao zote kuukuu, akaziunga upya, ipi sasa ni merikebu ya Theseus? Swali la Hobbes si la kuwazwa tu huko Gerezani. Mlango uliotoka katika gari moja umo katika jingine, na injini ya la tatu yavuta la nne.

Watu wa mwambao hawakusumbuka sana na fumbo hili, ijapokuwa wameishi nalo. Jahazi hupandishwa pwani, mbao zilizolika zikatolewa, mpya zikatiwa, viungo vikapigwa kalafati kwa pamba na mafuta, chini pakapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Na likishushwa majini laitwa kwa jina lake lile lile. Umoja wake hauko katika mbao. Uko katika mfululizo wa watu waliolitunza, na katika nahodha awezaye kuulizwa habari zake. Serikali nayo imekata shauri kwa njia yake, kwa kuandika namba ya chesisi katika kadi ya gari. Na huenda ikawa imekata vizuri kuliko ilivyojua, maana imelifunga jina la gari na kile kiungo ambacho hakuna akionaye bila ya kulala chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wasema wahenga, na katika Landrova neno hili halina mafumbo hata kidogo.

Kwa hiyo ni kwenye chesisi, wala si penginepo, ambapo ukweli wa mtengenezaji hujaribiwa. Fundi mzoefu huingia chini na nyundo ndogo, akagonga mahali hadi mahali. Chuma kizima hujibu kwa mlio. Kilichooza hujibu kwa kishindo kizito kama debe la mchanga, au hakijibu bali hutoboka. Penye tundu pana njia mbili. Ya kwanza ni kukata chuma chote kilicholiwa mpaka pafikiwe kilicho kizima, kisha kulehemu bamba jipya la unene ule ule. Ya pili ni kujaza puti, kupiga msasa, na kupaka rangi nyeusi nzito. Njia ya kwanza hugharimu siku na fedha, na mwisho wake huacha kovu baya la kulehemu. Ya pili ni kazi ya mchana mmoja, na ikikauka ni nzuri kuliko ya kwanza. Katika kazi nyingi za mikono, uzuri wa kazi ni ushahidi wa wema wake. Hapa ushahidi huo umegeuzwa, na kovu ndilo lisemalo kweli.

Puti si mbaya katika mlango uliobonyea. Ubaya wake huanza pale inapochukua nafasi ya kitu kibebacho. Na ubaya huo hukamilika sokoni. Maana mwenye kutia puti katika chesisi aghalabu hakusudii kulipanda gari hilo muda mrefu.

Ubishi juu ya jambo hili ni wa zamani. Cicero, katika kitabu chake cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aeleza habari ya mtu auzaye nyumba yenye kasoro azijuazo yeye peke yake: mbao zake ni mbovu, na vyumbani huingia nyoka. Wanafalsafa wawili walihitilafiana juu yake. Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji afungwa kutaja yale tu ambayo sheria yataka yatajwe, na kwamba kunyamaza si kudanganya, kwa kuwa mnunuzi ana macho yake. Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliona kwamba kumwacha mtu apotee kwa kutojua ni sawa na kumpotosha. Cicero aliegemea upande wa mwanafunzi. Katika mwambao mna habari ijulikanayo zaidi, ile ya Mtume aliyepita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini basi iliyolowa hakuiweka juu, watu wakaiona. Na sheria ya Kiislamu humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu ambacho kasoro yake ilikuwako kabla ya kuuzwa naye hakuijua.

Hoja ya Diogenes si ya kipuuzi. Yafaa kabisa kwa rangi iliyochujuka, kiti kilichochanika, na mlango ulegeao. Macho ya mnunuzi yatosha, wala muuzaji si mlezi wake. Lakini macho hayapenyi puti. Aliyeifunika kasoro hawezi tena kusema kwamba alinyamaza. Amesema, tena kwa mkono wake, kwamba hapa pana chuma.

Miaka sita mwalimu yule apakia viazi vyake kwenda Mombo. Landrova yake haikupata rangi ya dukani. Mlango wa kushoto ni wa bluu, wa kulia ni wa kijani, na boneti ilipakwa kwa brashi ya nyumba, hata nyayo za brashi zaonekana jua likiwa upande. Majirani hawakuacha kucheka, ila wacheka wakiwa wamepanda. Kisha magoti yamsumbua, kijana wake aenda kusoma mbali, na gari lahitaji mwenye nguvu. Mnunuzi aja kutoka Korogwe. Alizunguka mara mbili, akafungua milango, akakunja uso kwa ajili ya rangi, akawasha injini na kuisikiliza, akataja bei. Bei ilikuwa nzuri kuliko mwalimu alivyotumaini. Chini ya gari, mkono wa tatu wa chesisi upande wa dereva ulikuwa umeanza kujibu vibaya tangu masika yaliyopita, naye alikuwa hajapata fedha ya kuukata.

Mwalimu alikwenda stoo, akarudi na gunia. Alilitandika chini ya gari upande wa dereva, akampa mgeni nyundo, akamwambia, "Ingia, mwanangu. Anzia hapa kwenye gurudumu la mbele, ugonge mmoja mmoja ukienda nyuma. Ukifika wa tatu, usikilize."